Sura ya 6: Umebadilisha au Umebadilishiwa?

Swali lenyewe huja baada ya safari, mizigo ikishafunguliwa na zawadi kugawanywa. Tiketi ilisema Mombasa, Nairobi, kisha Amsterdam. Siku ya kuondoka shirika likasema ndege ya Nairobi haipo. Abiria akapitishwa Addis Ababa kwa ndege ya kampuni nyingine, akafika salama salimini. Mwezi mmoja baadaye anafungua akaunti yake ya maili na kukuta iko vile vile alivyoiacha. Je, alistahili kuhesabiwa safari aliyoinunua, au ile aliyosafirishwa?

Watu wa bara ya Mombasa wana sababu ya kulijua jibu. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi hauko kisiwani. Uko Port Reitz, ndani ya Changamwe. Mtu wa Magongo huufikia kwa tuktuk. Wa Kisauni huvuka daraja la Nyali, akakatiza kisiwa na kutokea Makupa. Wa Likoni zamani hakuwa na budi kuomba feri isichelewe. Siku hizi ana barabara ya Dongo Kundu, inayoizunguka bandari na kumtoa Miritini bila kugusa kisiwa. Kubadili njia, basi, ni jambo la kila siku huku. Anayeamka Mtongwe alfajiri ana safari mbili kichwani, na huamua akiwa njiani kulingana na foleni ya kivukoni.

Tofauti ni kwamba njia ya kufika uwanjani mtu hujichagulia. Akishaingia ndani ya jengo, wapo wanaomchagulia. Kiswahili kinazitenga hali hizo mbili kwa silabi chache tu: kubadilisha na kubadilishiwa. Sheria za maili zinazitenga vivyo hivyo, na karibu kila kitu kitakachosemwa katika sura hii kinaning'inia kwenye silabi hizo.

Kuuzwa njiani

Abiria wa matatu analijua jambo hili kwa jina lake la mtaani. Gari likipata pancha kabla ya kufika mjini, kondakta huwashusha watu, humsimamisha mwenzake, humpa pesa kidogo, na abiria huhamia gari la pili. "Tumeuzwa," watu husema, wengine kwa kicheko, wengine kwa hasira. Nauli hailipwi mara mbili. Wa pili amebeba tu. Aliyepokea pesa za abiria ni wa kwanza, na mwenye kinyongo humdai huyo.

Mashirika ya ndege nayo huuziana abiria, ila kwa makaratasi mengi zaidi. Ndege ikiharibika, rubani akifikisha kikomo cha saa za kazi, au wafanyakazi wakigoma, shirika lililouza tiketi hutafuta kiti kwa mwenzake na kulipana naye baadaye. Abiria hatoi hata senti. Lakini kwenye ndege kuna kitu ambacho matatu haina: maili. Hapo ndipo hesabu huvurugika, kwa sababu yule aliyembeba hana daftari la yule aliyemuuzia.

Maili ni Bonga ya angani

Asiyewahi kujiunga na mpango wa maili aifikirie Bonga. Tangu 2007 Safaricom huwapa wateja wake pointi kwa matumizi yao, na kwa miaka mingi hesabu imekuwa pointi moja kwa kila shilingi 10. Maili za ndege ni wazo lile lile. Shirika humwandikia abiria pointi kwa kila safari, na zikitosha huzigeuza kuwa tiketi, kiti cha mbele au mzigo wa ziada. Zinaitwa maili kwa kuwa hapo mwanzo zilipimwa kwa umbali: maili moja ya safari, karibu kilomita 1.6, ilikuwa pointi moja.

Wazo lilizaliwa Marekani. Texas International ilikuwa na mpango wa aina hiyo 1979, na Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage, uliokuwa kielelezo cha wengine. Kwetu, Kenya Airways, au KQ, iliundwa 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways. KLM ilinunua sehemu ya hisa zake 1996, na kwa muda mrefu abiria wa KQ walikusanya maili katika daftari la Wazungu hao. Kuanzia 2005 daftari hilo likaitwa Flying Blue, la Air France na KLM. Baadaye KQ ikafungua lake, Asante Rewards.

Kuna mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kwanza zipo pointi za kutumia, zile zinazonunua tiketi. Kisha zipo pointi za hadhi, ambazo hazinunui chochote, ila zikifika kiwango fulani humpandisha mtu ngazi: foleni fupi kaunta, mzigo zaidi, chumba cha kupumzikia. Safari ikibadilishwa, aina moja inaweza kubaki salama na nyingine kupungua. Au kuongezeka, kama itakavyoonekana mbele.

La mwisho, kabla ya kuingia ndani: maili ni za jina lililo kwenye tiketi, si za aliyelipa. Hili lina uzito Mombasa, mji wa mabaharia wanaokatiwa tiketi na kampuni za meli, na wa vijana wanaokwenda Ghuba kwa tiketi za mawakala. Mipango mingi humhesabia aliyeketi kwenye kiti. Tahadhari ni moja: baadhi ya nauli za bei ya chini sana, hasa za vikundi kama misafara ya umra, hazina maili tangu mwanzo. Pasipokuwa na kitu hakidaiwi kitu.

Kwa ufupi: maili ni ahadi kati ya shirika na mtu mwenye jina kwenye tiketi. Ahadi hiyo huandikwa siku tiketi inaponunuliwa, lakini huhesabiwa siku ndege inapopaa. Ugomvi wote umo katikati ya siku hizo mbili.

Kompyuta huona nini

Tiketi ya siku hizi si karatasi, lakini bado imegawanywa kama kile kitabu cha zamani cha kuchanwa. Kila kipande cha safari kina kuponi yake, yaani rekodi ndogo inayosema ndege gani, kutoka wapi hadi wapi, siku gani na kwa nauli ya aina gani. Mombasa hadi Nairobi ni kuponi moja; Nairobi hadi Amsterdam ni ya pili. Abiria akipanda, kuponi huandikwa kuwa imetumika, na taarifa hiyo ndiyo huzaa maili.

Juu ya kuponi zote ipo namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo humtaja aliyeiuza: 706 ni Kenya Airways, 074 KLM, 071 Ethiopian, 157 Qatar Airways, 176 Emirates, 235 Turkish. Namba hii isichanganywe na ile ya herufi na tarakimu sita ambayo kila mtu huitafuta kwenye simu akifika kaunta. Ile ya sita ni ya nafasi aliyowekewa. Ya 13 ni ya pesa aliyolipa. Ukitaka kujua nani amekuuza, tazama tarakimu tatu za kwanza.

Kisha kuna herufi ya nauli. Watu wawili wameketi bega kwa bega, chakula kimoja, dirisha moja, lakini mmoja tiketi yake ina herufi Y na mwenzake ina herufi nyingine kabisa. Herufi hii ni alama ya masharti ya bei. Y kwa kawaida ni nauli kamili ya daraja la kawaida. Zilizo chini yake ni za punguzo. Mahali maili zinapopimwa kwa umbali, Y hupata asilimia 100 au zaidi, na herufi za bei ya chini huambulia nusu, robo, au patupu.

Sasa abiria anauzwa. Afisa wa kaunta anaifuta kuponi ya zamani na kutengeneza mpya: shirika jipya, njia mpya, na mara nyingi herufi mpya. Namba ya uanachama wake wa maili haivuki naye. Imebaki kwenye rekodi ya zamani. Ndege mpya inapaa, kuponi mpya inaandikwa kuwa imetumika, lakini taarifa haina wa kupelekewa. Kwa kompyuta ya shirika la kwanza, mtu huyu hakusafiri. Hakuna aliyemwibia. Ameanguka tu katikati ya madaftari mawili.

Kaunta zimepakana, mifuko haijuani

Mashirika mengi yamejikusanya katika miungano, yaani makundi ambayo wanachama wake huhesabiana maili. Kenya Airways imo SkyTeam, ambako ilipata uanachama kamili 2010, pamoja na KLM na Air France. Ethiopian iliingia Star Alliance 2011 na kumkuta Turkish. Qatar Airways iko oneworld tangu 2013. Emirates haiko katika muungano wowote, lakini mpango wake wa Skywards ndio pia unaotumiwa na flydubai, iliyoanza kutua Mombasa Januari 2024.

Mtu akisimama katika uwanja wa Moi anaweza kuziona kaunta za miungano tofauti kwa kugeuza shingo. Akitolewa kwenye tiketi ya KQ na kuhamishiwa Ethiopian, kwa miguu amekwenda hatua chache. Kwa hesabu ya maili amehamia nchi nyingine. Anaweza kumpa afisa wa Ethiopian namba ya mpango wa Star Alliance kama anao, na huenda maili zikaingia huko. Lakini kama mwaka mzima amekuwa akijenga hadhi SkyTeam, maili hizo ni kama samani iliyoshushwa kwenye nyumba isiyo yake.

Akihamishwa ndani ya muungano mmoja, mambo huwa mepesi. Namba ile ile ya uanachama inakubaliwa; kazi yake ni kuhakikisha imeandikwa upya. Aitazame pasi ya kupandia ndege kabla hajaondoka kaunta. Namba yake huchapwa hapo. Isipoonekana, dakika mbili za kumwomba afisa aiandike humwokolea wiki kadhaa za barua.

Mfano wenye tarakimu

Chukua tiketi ya Mombasa, Nairobi, Amsterdam, kipande cha kwanza kwa KQ na cha pili kwa KLM, mwenye tiketi akiwa mwanachama wa ngazi ya chini wa Flying Blue. Tangu 1 Aprili 2018 mpango huo huhesabu maili za kutumia kwa pesa, si kwa umbali: mwanachama wa ngazi hiyo hupata maili 4 kwa kila euro ya nauli, kodi za serikali zikitolewa. Nauli inayohesabika ikiwa euro 600, hapo kuna maili 2,400.

Pointi za hadhi, ambazo Flying Blue huziita XP, zina jedwali lake. Lilipoanza 2018, kwa daraja la kawaida, safari ya ndani ya nchi ilipewa 2, safari fupi ya kimataifa 5, na safari ya maili 3,500 hadi 5,000 ilipewa 10. Mombasa hadi Nairobi, ambayo ni takriban maili 260, ni 2. Nairobi hadi Amsterdam, zaidi kidogo ya maili 4,100, ni 10. Jumla 12 kwa kwenda. Ngazi ya fedha huhitaji 100.

Mpango ukavurugika. Kuna njia mbili zinazowezekana.

Ya kwanza, abiria anapitishwa Paris: Mombasa, Nairobi, Paris, Amsterdam. Amechoka zaidi, amechelewa saa kadhaa, lakini kuponi zimekuwa tatu na zote za SkyTeam. Maili za kutumia hazibadiliki, kwa kuwa alicholipa ni kile kile. XP zinakuwa 2, 10 na 5: jumla 17. Amepata zaidi ya alichonunua. Barua yoyote atakayoandika hapo ni ya kujidhuru, anyamaze ashukuru.

Ya pili, anapitishwa Addis Ababa kwa Ethiopian. Umbali wa Mombasa hadi Addis ni takriban maili 900, na kutoka huko Ulaya bado ni mbali. Kwa jumla amesafiri umbali unaokaribiana na ule wa kwanza. Flying Blue hawana habari naye. Maili 0, XP 0. Huyu ndiye mwenye dai. Anachodai si maili za Addis, bali zile 2,400 na XP 12 alizoahidiwa aliponunua tiketi. Wafanyakazi wa mashirika wana jina lao la dai hili. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita hesabu ya njia ya awali: nihesabie kana kwamba nilisafiri njia uliyoniuzia.

Baadhi ya mipango imeliandika wazi katika masharti yake kwamba abiria aliyehamishwa bila hiari yake anaweza kuhesabiwa njia ya awali. Mingine imelikalia kimya na kuliacha mikononi mwa afisa. Kimya hicho si kukataa, na wateja wengi hupoteza maili kwa kudhani ni kukataa.

Ndege ikigeuzwa na wewe umo ndani

Kuna kubadilishiwa kwa aina nyingine, ambako abiria haondoki kwenye kiti chake. Alfajiri ya 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la abiria wanaowasili katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Ndege za kimataifa zilizokuwa angani zikageuzwa, na Mombasa ikapokea nyingi kati yake. Port Reitz iliamka na kukuta midege mikubwa imepangwa kwenye lami. Aliyetoka London akielekea Nairobi alishuka akapigwa na joto la Changamwe.

Mtu huyo alizidishiwa safari. Je, alizidishiwa maili? Hapana, wala hakupunguziwa. Umbali wa maili haupimwi kwa njia ambayo ndege imepita hewani. Husomwa kwenye jedwali, mji hadi mji, kama kuponi inavyosema. Ndege ikizunguka juu ya bahari nusu saa ikisubiri mvua ipungue, ikikwepa anga iliyofungwa, au ikitua uwanja mwingine, kuponi bado inasema London hadi Nairobi, na imetumika. Anayelalamika kwamba ameruka maili 250 zaidi hana pa kulipeleka lalamiko lake.

Lakini kipande kikifutwa kabisa, abiria akasafirishwa kwa gari, hapo hakuna kuponi iliyotumika. Kompyuta haitambui basi. Hesabu ya njia ya awali huombwa hapo pia.

Ghuba, mgomo na mvua

Wasafiri wa Mombasa wameyaona mabadiliko makubwa ya njia mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na kila moja lina somo lake la hesabu.

Marubani wa Kenya Airways waligoma kuanzia 5 Novemba 2022 hadi mahakama ilipowaamuru warudi kazini siku chache baadaye. Katika mgomo, wengi hupewa hiari ya kurudishiwa nauli. Anayerudishiwa pesa zake zote hana dai la maili, maana ahadi imevunjwa kwa makubaliano na kila mtu amechukua chake. Anayekubali kuhamishiwa shirika jingine analo. Ndugu wawili wa nyumba moja, Bamburi, wanaweza kufika mahali pamoja siku moja, mmoja kwa tiketi mpya aliyoinunua baada ya kurudishiwa pesa, mwingine kwa tiketi ile ile iliyohamishwa, na wakawa na haki tofauti kabisa.

Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai ilipata mvua ambayo haikuwahi kurekodiwa tangu kumbukumbu zilipoanza 1949. Uwanja ukafurika maji, na safari nyingi mno zikafutwa au kugeuzwa. Mwaka uliofuata, 23 Juni 2025, Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa Iran iliposhambulia kambi ya kijeshi ya Al Udeid. Ndege za kwenda Doha zikatawanyika viwanja vya nchi nyingine. Katika misukosuko ya namna hii shirika halina kosa, na sheria za fidia ya pesa, mahali zilipo, hulisamehe. Maili ni jambo tofauti. Haiulizwi nani ana kosa. Huulizwa nani alibadilisha. Mvua hainunui tiketi. Kama si abiria aliyeomba njia mpya, basi amebadilishiwa, hata kama aliyembadilishia naye alikuwa amelowa maji mpaka magotini.

Hapo pia ndipo watu huchanganya fidia na maili. Sheria ya Ulaya namba 261 ya 2004 huwapa abiria wanaoondoka viwanja vya Umoja wa Ulaya, kwa shirika lolote, hadi euro 600 kwa kuchelewa sana au kufutiwa safari, penye kosa la shirika. Kupokea euro hizo hakufuti dai la maili, na kupewa maili hakufuti dai la euro. Afisa akitoa maili 5,000 za kuomba radhi, hizo ni zawadi. Msafiri asome vizuri asije akatia sahihi kwamba amemaliza madai yote.

Neno moja kwenye tiketi

Maafisa wa tiketi wana kifupi wanachokiandika mtu anapohamishwa bila hiari yake: INVOL. Herufi tano. Zikiwepo kwenye tiketi mpya, kila atakayeifungua, Nairobi au Amsterdam, atajua kwamba msafiri huyu alibadilishiwa. Zisipokuwepo, tiketi inaonekana kama ya mtu aliyeamua mwenyewe kupita Addis kwa kuwa ana shangazi huko.

Tatizo hujitokeza zaidi pale shirika linapobadilisha ratiba wiki kadhaa kabla. Ujumbe unaingia kwenye simu: ndege yako ya saa nne asubuhi sasa ni ya saa mbili usiku, bonyeza hapa kukubali. Mtu anaona usiku atakosa ndege ya kuunganisha, anapiga simu kuomba njia nyingine. Kwa sauti yake yeye ndiye anayeomba. Kwa haki, bado amebadilishiwa, kwa sababu ombi lake limezaliwa na mabadiliko ya shirika. Mazungumzo yakienda vizuri, hapo ndipo pa kulisema hilo.

Mfikirie mama wa Likoni anayekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua ng'ambo. Yuko kaunta, amezungukwa na mabegi yenye nazi na viungo. Kijana wa kaunta amemwamkia shikamoo, na habari za kuhamishwa amempa kwa upole.

"Marahaba mwanangu. Nitapita huko mnakotaka, sina neno. Lakini niandikie kwenye tiketi kwamba ni nyinyi mlionihamisha, si mimi niliyeomba."

"Nimeshaandika, mama."

"Basi nionyeshe."

Hajui kifupi chenyewe, wala hahitaji kukijua. Amekwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, na kijana atageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe, au atagundua kwamba kumbe hakuandika.

Kudai

Dai hupelekwa kwa mpango wa maili ambao mtu ni mwanachama wake, si kwa shirika lililombeba. Wengi hukosea hapa. Aliyekubeba hana deni lako.

Ushahidi unaotakiwa si mwingi:

- Risiti ya tiketi ya awali, yenye namba ya tarakimu 13 na herufi za nauli.
- Risiti ya tiketi mpya, kama ilitolewa.
- Pasi za kupandia ndege za safari iliyofanyika; picha ya simu inatosha mahali pengi, mradi isomeke.
- Ujumbe, barua pepe au tangazo la shirika kuhusu mabadiliko.

Jina ni mtego unaowanasa hasa watu wa Pwani. Kitambulisho cha Kenya huwa na majina matatu, la mtu, la baba na la babu. Pasipoti huyagawa kwa namna yake. Tiketi huchukua la mwisho kuwa la ukoo. Akaunti ya maili, iliyofunguliwa kwa haraka kwenye simu, ina majina mawili tu, pengine kwa tahajia nyingine: Mohamed upande mmoja, Muhammad upande wa pili. Kompyuta huona watu wawili. Ni bora kurekebisha jina la akaunti lifanane na pasipoti kabla ya kudai kuliko kudai halafu kueleza.

Barua yenyewe iwe fupi, karibu hivi: "Tarehe fulani nilikuwa na tiketi namba fulani ya Mombasa hadi Amsterdam kupitia Nairobi. Shirika lilifuta safari na kunihamishia ndege za shirika jingine bila hiari yangu. Naomba nihesabiwe maili na pointi za hadhi za njia ya awali. Nimeambatanisha tiketi zote mbili na pasi za kupandia." Hadithi ya usiku uliolaliwa kwenye kiti cha chuma iachwe kwa barua ya fidia. Pia isidaiwe mara mbili: kama safari mpya tayari imehesabiwa kwenye mpango mwingine, mashirika mengi hukataa, na baadhi hufunga akaunti za wanaofanya mchezo huo.

Muda nao si wa milele. Mipango mingi hutoa takriban miezi sita tangu siku ya safari, na mingi huomba msafiri asubiri wiki moja au mbili kwanza maili zijiingize zenyewe. Anayeitupa pasi kwenye pipa la uwanjani akishachukua mzigo wake atakuwa na kazi kubwa zaidi, ingawa namba ya tiketi bado iko kwenye barua pepe yake.

Jibu la kwanza mara nyingi ni la kompyuta: samahani, safari hii haikufanywa na shirika letu wala mshirika wetu. Ni kweli tupu, na ndiyo sababu ya dai. Kinachofuata ni kujibu barua ile ile, bila kufungua dai jipya, kwa sentensi moja inayotaja tarakimu tatu za mwanzo za tiketi na lile neno INVOL, na kuomba lisomwe na mtu.